Karatasi za Obama wa Kogelo: Maisha ya Mwanafunzi Ughaibuni

Jina la Obama linapotajwa, fikra za wengi humwendea rais wa 44 wa Marekani. Hata hivyo, aliyelivusha jina hilo bahari kwa mara ya kwanza ni babake, Barack Hussein Obama, mwanauchumi wa Nyang'oma Kogelo, Siaya, aliyeaga dunia mwaka 1982. Aghalabu marehemu huyu hutajwa kwa kifupi tu, kama mzazi wa mtu mkubwa. Ilhali maisha yake yana funzo lake lenyewe, hususan kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni akiwa na barua ya chuo mkononi na moyo kooni, akisubiri viza ya masomo. Kwa muda wa miaka mitano, kuanzia 1959 hadi 1964, Obama aliishi Marekani kwa idhini iliyokuwa ikiombwa upya kila mwaka. Katika muda huo masomo yake, ndoa zake na ubaba wake vilipimwa juu ya meza ya ofisa wa uhamiaji. Faili lake la uhamiaji lilitolewa hadharani mwaka 2011, na tangu hapo imewezekana kuona jinsi mwanafunzi hodari anavyoweza kufaulu mitihani yote ya darasani na bado akashindwa na karatasi.

Kijitabu cha Onyango

Karatasi ziliingia katika nyumba ya akina Obama kabla ya Barack kuzaliwa. Babake, Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi wa Wazungu. Wakati huo Mwafrika mwanamume katika koloni ya Kenya hakuweza kutembea wala kuajiriwa bila kipande, na watumishi wa nyumbani waliongezewa mzigo mwingine: kijitabu cha usajili kilichotolewa chini ya sheria ya mwaka 1928. Ndani yake mliandikwa jina la mtumishi, kabila lake na maumbile yake, kisha kila mwajiri akaongeza maoni yake. Kijitabu cha Onyango kilihifadhiwa Kogelo kwa miongo mingi. Waajiri kadhaa walimsifu humo kwa bidii na unadhifu, na mmoja akaandika kuwa hakustahili hata shilingi 60 alizokuwa akilipwa kwa mwezi. Mtumishi alilazimika kuibeba kauli hiyo na kumwonyesha mwajiri aliyefuata. Maneno ya mtu mwingine, yaliyoandikwa kwa lugha ya mtu mwingine, ndiyo yaliyoamua iwapo angekula kesho.

Katika boma la mtu huyu mkali, aliyeheshimu sana usafi, nidhamu na elimu, ndimo alimolelewa Barack. Alizaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka wake wa kuzaliwa wenyewe una utata: nyaraka zake za uhamiaji zinataja 1934, ilhali maandishi mengine yanataja 1936. Mamake mzazi, Habiba Akumu, aliondoka katika ndoa hiyo watoto wakiwa wadogo, na Barack akalelewa na mama wa kambo, Sarah, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Mama Sarah wa Kogelo.

Barua kwa vyuo vya mbali

Akili ya kijana huyu haikutiliwa shaka na yeyote. Mwaka 1950 alijiunga na Shule ya Maseno, mojawapo ya shule zilizosifika sana Nyanza. Tatizo lilikuwa tabia, si masomo. Alikuwa mwepesi wa kubishana na mzito wa kutii, na mwaka 1953 aliondoka Maseno bila kukamilisha masomo. Onyango alikasirika, akamtuma Mombasa kutafuta riziki. Kutoka huko Barack aliishia Nairobi, ambako alifanya kazi za ukarani. Katika kipindi hichohicho alimwoa Kezia Aoko kwa mujibu wa mila za Waluo. Ndoa hiyo ilikuwa halali mbele ya wazee na jamaa wa pande zote mbili. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni cheti.

Bahati yake ilianza kugeuka alipoajiriwa katika ofisi ya kisomo cha watu wazima jijini Nairobi, chini ya Elizabeth Mooney, mtaalamu Mmarekani wa kufundisha kusoma na kuandika. Wanafunzi wa fasihi huenda wasijue kuwa Obama alikuwa pia mwandishi katika lugha ya Kiafrika. Aliandika vitabu vya ngumbaru kwa Kiluo, vinavyomhusu mhusika aitwaye Otieno, mtu mwenye busara. Kitabu cha pili katika mfululizo huo, kilichochapishwa mwaka 1959, kinafundisha njia bora za kulima shamba. Mwandishi aliyewafunza wazee kusoma alikuwa mwenyewe hana cheti cha kumwezesha kuingia chuo kikuu. Alijisomea kwa njia ya posta, na kwa msaada wa Mooney na Mmarekani mwingine, Helen Roberts, akaanza kuviandikia vyuo vya Marekani. Nakala za barua zake, zaidi ya 30 kwa mujibu wa masimulizi ya mwanawe, ziliwekwa Kogelo pamoja na kile kijitabu cha Onyango. Baba na mwana, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wakiomba mgeni awakubali kwa ushahidi wa karatasi.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya safari za wanafunzi zilizoandaliwa na Tom Mboya, rafiki wa Obama. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kukodiwa iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Ingawa jina lake huhusishwa na safari hizo, Obama hakuwamo katika ndege hiyo. Alikuwa ametangulia mwezi Agosti, akisaidiwa kifedha zaidi na Mooney. Chuo kilichomkubali ni Chuo Kikuu cha Hawaii, katika visiwa vilivyofanywa jimbo la 50 la Marekani mwezi uohuo. Alimwacha Kezia na mtoto wao wa kwanza, naye Kezia alikuwa mjamzito tena.

Inafaa kueleza hapa kwa nini Kezia hakuandamana naye. Fedha hazikuwepo, na hilo lingetosha. Lakini hata zingalikuwepo, sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ilimtambua mwanafunzi peke yake. Daraja la viza kwa ajili ya mke au mume na watoto wa mwanafunzi liliongezwa kwa sheria iliyopitishwa Septemba 1961, miaka miwili baada ya Obama kuondoka. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka 1959 aliingia Marekani kana kwamba hakuwa na mtu nyuma yake. Sheria hiyohiyo ilimtaka athibitishe kwamba alikuwa na makao nchini mwake ambayo hakukusudia kuyaacha. Ajabu ni kwamba sheria ilitaka awe na kwao, lakini haikuwapa nafasi wale waliokifanya kwao kuwe kwao.

Idhini ya mwaka mmoja mmoja

Huko Honolulu, Obama alipokelewa kama mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho. Sauti yake nzito, mavazi yake nadhifu na ufasaha wake wa kujadili vilimpa jina upesi. Alialikwa kuhutubu makanisani na katika vikao vya jamii kuhusu Kenya na harakati za uhuru. Darasani alisomea uchumi kwa bidii iliyowashangaza wengi, akakamilisha shahada ya kwanza kwa miaka mitatu na kujiunga na Phi Beta Kappa, jumuiya ya heshima ya wanafunzi bora.

Hata hivyo, nyuma ya sifa hizo kulikuwa na ratiba nyingine ambayo wenyeji hawakuiona. Kila mwaka ilibidi mgeni huyu ajaze fomu ya kuomba muda wa kukaa uongezwe. Fomu ilitaka ithibati kutoka chuoni kwamba bado alikuwa mwanafunzi wa kweli na anaendelea vyema. Ilitaka kujua fedha zake zinatoka wapi. Alipotaka kufanya kazi ili ajikimu, alihitaji idhini. Kati ya mwanafunzi na idara ya uhamiaji alikuwapo mshauri wa wanafunzi wa kigeni, aliyeajiriwa na chuo kuwasaidia wageni, na ambaye wakati huohuo alikuwa akizungumza na idara. Mwanafunzi aliyemweleza mshauri huyo siri zake alikuwa, kwa kujua au kutojua, akiliandikisha faili lake mwenyewe.

Katika muhula wa mwisho wa mwaka 1960, Obama alikutana na Stanley Ann Dunham katika darasa la lugha ya Kirusi. Ann alikuwa binti wa miaka 17, mdadisi na mpenda vitabu. Tarehe 2 Februari 1961 walifunga ndoa kimyakimya huko Wailuku, katika kisiwa cha Maui. Ann alikuwa tayari mjamzito. Hawaii haikuwa na sheria ya kuzuia ndoa kati ya mweusi na mweupe, lakini majimbo mengi ya Marekani yalikuwa nayo, na ilibidi kusubiri hadi Juni 1967 kabla ya Mahakama ya Juu kuzifuta sheria hizo kote nchini. Tarehe 4 Agosti 1961 alizaliwa mtoto wao wa kiume, akapewa jina la babake.

Ndoa mbili, faili moja

Hapa ndipo tatizo lilipozukia. Mbele ya Waluo, Obama alikuwa mume wa Kezia. Mbele ya jimbo la Hawaii, alikuwa mume wa Ann. Katika mila ya kwao jambo hilo halikuwa kioja, kwani babake mwenyewe alikuwa na wake zaidi ya mmoja. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1952 iliwakataza wenye ndoa za mitala kuingia nchini. Ann alipomuuliza kuhusu mke wa Kenya, alijibiwa kwamba ndoa hiyo ilikwisha. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni naye alielezwa kuwa, kwa desturi za Kenya, mume humtaliki mke kwa kumwambia tu.

Maelezo hayo hayakuwa ya kweli. Talaka ya Kiluo haikuwa neno la mume peke yake. Ilihusu wazee, jamaa na suala la mahari iliyotolewa. Hakuna lolote kati ya hayo lililofanyika, na Kezia aliendelea kuishi na kujihesabu kama mke wa Obama. Kwa hiyo kauli yake haikusimama katika sheria ya ugenini wala katika mila ya nyumbani. Alikuwa ametumia ugeni wa mila zake kama pazia, akijua kuwa aliyeketi mbele yake hangeweza kuangalia upande wa pili.

Aprili 1961, miezi michache baada ya harusi, mshauri huyo aliipigia simu idara ya uhamiaji. Kumbukumbu iliyoandikwa na ofisa aliyepokea simu hiyo ingali faillini. Inasimulia kwamba mwanafunzi huyu alikuwa ameoa tena, kwamba alionekana na wasichana kadhaa tangu awasili, na kwamba alikuwa ameonywa kuhusu mienendo yake. Ofisa alikadiria kuwa mitala peke yake haikutosha kuwa sababu ya kumfukuza nchini. Badala yake alipendekeza Obama ahojiwe kwa kina kabla ya kuongezewa muda tena, na iwapo mke wake Mmarekani angewahi kuwasilisha ombi kwa niaba yake, uchunguzi ufanywe kubaini kama ndoa hiyo ilikuwa ya dhati.

Uzito wa pendekezo hilo hauonekani mara moja. Mke Mmarekani alikuwa na haki ya kumwombea mumewe ukaazi wa kudumu, na njia hiyo ingemwondoa Obama katika utumwa wa fomu za kila mwaka. Lakini kuifuata kungemaanisha kuapa mbele ya maofisa kuhusu Kezia, na tayari walikuwa wakingoja kwa kalamu zilizochongwa. Obama alibaki na viza ya mwanafunzi hadi siku yake ya mwisho nchini humo. Ndoa yake na Ann ilikuwa na cheti, mtoto na mashahidi, lakini haikumsaidia kukaa. Ndoa yake na Kezia haikuwa na cheti chochote, lakini ndiyo iliyomfunga.

Ikumbukwe pia kwamba wanawake hawa wawili hawakuwa na sauti katika faili hilo. Kezia alijifungua binti yao, Auma, mwaka 1960, baba akiwa upande wa pili wa dunia. Ann naye, katika majira ya mapukutiko ya 1961, alikwenda Seattle na kitoto chake kichanga kusoma katika Chuo Kikuu cha Washington. Aliporejea Honolulu, Obama alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Harvard. Maofisa waliandika majina ya wanawake hao, wakahesabu idadi yao, na hawakuwauliza lolote.

Mlango wa Harvard

Obama alihitimu Hawaii mwaka 1962 na katika majira hayohayo akaanza masomo ya uzamifu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hakumchukua Ann wala mtoto. Januari 1964 Ann aliwasilisha ombi la talaka mahakamani Honolulu, na mwezi Machi ndoa ikavunjwa. Obama hakupinga. Yamkini hakutambua kuwa pamoja na ndoa hiyo ilikatika pia kamba ya mwisho ambayo ingeweza kumshikilia Marekani kisheria.

Kufikia wakati huo alikuwa amefaulu mitihani mikuu ya uzamifu. Kilichosalia ni tasnifu tu. Mwaka 1964 aliomba muda wake uongezwe kama alivyozoea. Safari hii jibu lilikuwa tofauti. Kwa mujibu wa kumbukumbu za maofisa wa uhamiaji, wasimamizi wa chuo walikuwa wamepata habari za wake zake wawili, hawakupendezwa na maisha yake ya faragha, na wakakusudia kutafuta namna ya kumwondoa taratibu bila kelele. Mwishoni mwa Mei alipokea barua iliyomweleza kuwa chuo hakikuwa na fedha za kumsaidia zaidi, na kwamba ingefaa arudi Kenya na kuiandika tasnifu yake akiwa huko. Bila ya chuo kumtetea, idara ya uhamiaji ilikataa kumwongezea muda. Kumbukumbu hizo zilipofichuliwa mwaka 2011, chuo kilieleza kuwa hakikupata katika mafaili yake chochote cha kuthibitisha mazungumzo hayo jinsi maofisa walivyoyaandika. Lililo hakika ni matokeo. Julai 1964 Obama aliondoka Marekani, tasnifu ikiwa haijaandikwa.

Je, alidhulumiwa au alijiponza? Jibu la haki ni kwamba yote mawili yalitendeka. Hakuna barua iliyosema kuwa alishindwa na masomo, na ni vigumu kuamini kwamba mwanafunzi mweupe mwenye maisha ya faragha yaliyovurugika angefungiwa mlango hatua moja kabla ya kuvaa joho. Aliyehukumiwa hakupewa nafasi ya kuusikia ushahidi dhidi yake. Aliambiwa habari za upungufu wa fedha, huku sababu nyingine ikiandikwa pembeni. Papo hapo, lazima isemwe kuwa silaha waliyoitumia waliipata mikononi mwake mwenyewe. Angalisema ukweli kuhusu Kezia mwanzoni, huenda angalikosa mengi, lakini hapangalikuwa na siri ya kufichuliwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Obama ilikatika pale ambapo ilikuwa imebaki hatua moja.

Nyumbani bila shahada

Alikuwa ameondoka akiwa mtawaliwa, akarudi katika nchi iliyopata uhuru Desemba 1963 na iliyokuwa na kiu ya wasomi. Mwalimu mmoja Mmarekani, Ruth Baker, alimfuata Nairobi na wakaoana mwezi Desemba 1964. Kinyume na ilivyokuwa ugenini, Nairobi haikumtaka Obama achague. Kezia alikuwapo, Ruth alikuwapo, na watoto wa Kezia wakachukuliwa kuishi na baba yao na mke huyo mpya. Ndoa hiyo nayo ilivunjika katika miaka ya 1970.

Obama alifanya kazi katika kampuni ya mafuta, katika Benki Kuu, katika shirika la maendeleo ya utalii, na baadaye katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1965 Harvard ilimtunuku shahada ya uzamili. Ile ya uzamifu haikupatikana, ingawa wengi walimwita Daktari Obama, naye hakuwasahihisha. Mwaka huohuo alichapisha katika jarida la East Africa Journal makala yenye kuukosoa Waraka Nambari 10 wa serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Alihoji iwapo kumpa kila mtu hati ya shamba lake ndiyo njia bora, au kama ukoo na ushirika vingefaa zaidi. Lilikuwa jambo la ujasiri, kwa kuwa waraka huo ulihusishwa mno na Mboya, rafiki na mlezi wake katika mambo ya umma.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Obama alikuwa miongoni mwa watu waliozungumza naye muda mfupi kabla ya kifo hicho, na baadaye alitoa ushahidi mahakamani. Baada ya hapo mambo yake yalianza kuporomoka. Alipoteza kazi, akazidi kunywa, na ajali za barabarani zikamwandama.

Desemba 1971 alirudi Honolulu kwa takriban mwezi mmoja, mara hii akiwa mgeni wa kawaida. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 10. Huo ndio muda pekee ambao mtoto huyo alimkumbuka babake akiwa hai. Alimletea mpira wa kikapu, akazungumza na wanafunzi darasani mwake kuhusu Kenya, kisha akaondoka. Mtoto huyo alikuwa amekwisha kuonja kwa mara ya pili uchungu wa kibali kinachokwisha. Mamake aliolewa mwaka 1965 na Lolo Soetoro, mwanafunzi kutoka Indonesia, ambaye pia alilazimika kurudi kwao mwaka 1966 muda wake wa kukaa ulipomalizika. Tofauti ni kwamba safari hii mke na mtoto walimfuata, wakahamia Jakarta mwaka 1967. Ndoa ya kwanza ya Ann ilikosa hata safari hiyo.

Barack Hussein Obama alifariki katika ajali ya gari jijini Nairobi mnamo Novemba 1982. Alizikwa Kogelo, karibu na kaburi la Onyango.

Cheti cha mwisho

Miaka mingi baadaye, mwanawe alipokuwa rais, karatasi ziligeuka tena kuwa habari kuu. Wapinzani walidai kuwa hakuzaliwa Marekani na kwa hiyo hakustahili kuongoza. Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilichapisha cheti chake kamili cha kuzaliwa, na katika siku zizo hizo faili la uhamiaji la babake likatangazwa magazetini. Mtoto alitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa nchi hiyo kwa cheti, kama vile baba alivyotakiwa kuthibitisha mwaka baada ya mwaka kwamba si wa nchi hiyo na atarudi alikotoka.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mwanafunzi anayekwenda ughaibuni, maisha nayo yana daftari lake, na busara ni kulijaza mwenyewe kwa ukweli kabla wengine hawajalijaza kwa uvumi. Anayeacha mume, mke au mtoto nyumbani hana budi kuwataja katika fomu ya kwanza, awe na cheti cha ndoa ya kimila kabla ya kupanda ndege, na amwombee mwenzake nafasi ambayo sheria ya leo inaitoa na ya mwaka 1959 haikuitoa. Vilevile, waajiriwa wa vyuo wenye jukumu la kuwalea wageni hawana budi kukumbuka kuwa sentensi moja inayoandikwa faillini inaweza kukata elimu ya mtu, na malezi ya mtoto wake pia.

Katika kile cheti cha mwaka 1961, sehemu ya baba inasema kuwa alizaliwa Kenya, Afrika Mashariki, na kwamba ana umri wa miaka 25. Kwa hesabu ya nyaraka zake za uhamiaji, siku hiyo alikuwa na miaka 27. Kwenye nafasi ya kazi pameandikwa kuwa ni mwanafunzi. Kati ya yote yaliyoandikwa juu yake na maofisa wa mabara mawili, hilo la mwisho halikupata kupingwa na mtu yeyote.